Miguu ya Mama Povu

Mtu akitaka kumjua Mama Povu asimtazame usoni, kwa sababu uso ule ni wa bibi yeyote mwenye wajukuu. Atazame shuka. Hospitali nzima ililalia kazi ya mikono yake. Mgonjwa aliyejitapikia usiku, asubuhi aliletewa shuka nyeupe inayonukia jua, asijue imetoka kwa nani. Mwenyewe yuko kule nyuma, chumba cha kufulia, na mabuti yake ya mpira, maji sakafuni yanakwenda yanarudi, anazigombeza mashine kama mtu anayeswaga ng'ombe wavivu.

Madobi wenzake walikuwa na msemo waliouchukua kwake: doa lisilotoka, lirudishe majini. Iwe damu, iwe wino, yeye hakuwahi kuitupa shuka. Aliirudisha mpaka ikubali yaishe. Basi vidole vya miguu vilipoanza kumwasha, aliona ni doa tu kama madoa mengine.

Muwasho ulianzia pale kidole kidogo kinapopakana na jirani yake. Ngozi ikawa nyeupe na teketeke, ikachanika, ikaanza kutoa harufu. Mama Povu akajaza beseni maji ya moto, akatia sabuni ya unga, akaongeza na ile dawa ya kung'arishia shuka, akatumbukiza miguu. Machozi yakamtoka.

"Inafanya kazi hiyo," akajisemea.

Akaitoa ikiwa inachuruzika, akaivalisha kandambili, akaenda zake. Kesho yake akarudia, na muwasho nao ukarudia. Wakaenda hivyo, yeye na muwasho, kama wake wenza wasioachiana uwanja.

Upande wa pili wa ukuta kilikuwa chumba cha kupigia pasi. Mkubwa wa huko, mwanamume mwembamba waliyemwita Pasi, alikuwa akichungulia dirishani na kumkuta anajisugua mguu kwenye mguu wa meza.

"Mama Povu, hiyo ngoma unacheza peke yako?"

"Ngoma ya wenye kazi. Nyie mnapapasa nguo zilizokwisha kufuliwa, halafu mnajiita mafundi."

"Tunapapasa, lakini tumekauka!"

Angeishi hivyo mpaka kufa, maana watu wengi hufa na miwasho yao. Lakini alikuwa na mjukuu. Kila mwisho wa juma mwanawe alimleta binti yake kulala kwa bibi, na kifuko chake cha nguo. Mama Povu alimwita "mke mwenzangu", na mtoto akaitika kwa uso mkavu, kama mtu mzima. Starehe yake ilikuwa moja: kuvaa kandambili za bibi, kubwa kama mitumbwi, na kuzunguka nazo nyumba nzima, pwata, pwata, pwata.

"Mke mwenzangu, umepika?"

"Sijapika. Mashine zimenichosha mgongo," mtoto akajibu.

Bibi alicheka mpaka akashika ukuta.

Siku moja mkwewe, mama wa mtoto, akaja peke yake. Alikuwa mtu wa adabu. Alikaa kwenye ncha ya kiti, akasifu pazia, akauliza hali ya mashine, akazunguka mbuyu weee, mwisho akafika.

"Mama, usinielewe vibaya. Mtoto anawashwa vidole. Ni fangasi, dawa amepata, na anaendelea vizuri. Ila daktari ameuliza huwa anavaa viatu vya nani."

Wote wawili wakaziangalia kandambili pale mlangoni.

"Basi asije," Mama Povu akasema. "Asije mpaka nipone."

"Mama, mimi sijasema..."

"Najua. Nimesema mimi."

Mkwe alipoondoka, nyumba ikawa kimya kama kisima. Mama Povu alizichukua zile kandambili akazitia kwenye taka.

Tabibu wa hospitali ile alikuwa amefuliwa makoti naye miaka nenda rudi, lakini mlango wake Mama Povu hakuwahi kuupita kama mgonjwa. Alipoeleza habari za beseni, tena kwa fahari, tabibu aliweka kalamu chini.

"Mama yangu, hawa fangasi wanapenda unyevu. Wewe unawawekea bwawa. Na ile dawa ya shuka inakuchoma ngozi, wao wanapata pa kuingilia."

Akampa dawa ya kupaka. Akaushe katikati ya vidole kwa kitambaa chake peke yake, abadili soksi, mabuti yakauke kabla hajayavaa. "Na muwasho ukiisha, usiache kupaka."

Muwasho uliisha, na Mama Povu akaacha. Nani anafua nguo iliyotakata? Haukupita muda, vidole vikawaka upya. Tabibu safari hii akakwangua unga wa ngozi vidoleni, akaupima, akaongeza vidonge, kisha akasema lile neno ambalo Mama Povu alikuwa akiliogopa: "Huko majini utoke kwanza."

Kutoka majini! Malkia wa mashine aende akawe mwanafunzi wa Pasi! Alisimama kwenye mlango wa chumba cha pasi, viatu vya wazi mguuni, akingoja kuchekwa. Pasi alicheka kweli, hakujinyima. Kisha akamsogezea meza iliyo karibu na dirisha, penye upepo.

"Karibu nchi kavu, dada."

Wiki ya kwanza aliunguza foronya na koti la tabibu yuleyule. Hakununa. Aliuliza kama mtoto wa shule, akafundishwa, akakosea, akauliza tena. Watu wazima wenye moyo huo ni wachache.

Muwasho ukaisha mara ya pili. Siku hiyohiyo alikuwa amekunjua shuka nyeupe pee, akaipitishia pasi, likajitokeza doa la manjano.

"Nimeunguza tena?"

"Hukuunguza," Pasi akasema. "Haikusuuzwa vizuri. Povu limekwisha, sabuni bado imo. Pasi haifichi siri."

Mama Povu aliishika ile shuka kwa muda. Ndiyo kazi yake mwenyewe, suuza mpaka maji yawe safi, tena suuza, na vidoleni alikuwa ameisahau. Jioni alikausha miguu isiyowasha, akaipaka dawa. Na kesho yake. Na siku zote alizoambiwa, mpaka tabibu alipopima tena na kusema hakuna kitu.

Mkwe akaitwa. Alipoingia, alimkuta Mama Povu kitini, miguu juu ya kigoda.

"Kagua."

"Ah, Mama, mimi nitakukaguaje wewe?"

"Kagua! Ni mwanao huyo, si shuka."

Mkwe akainama, akafungua kidole baada ya kidole. Ngozi ilikuwa nzima. Alitoka nje, akarudi na kile kifuko cha nguo, mtoto akimtangulia mbio.

Mlangoni palikuwa na kandambili mpya, kubwa na ndogo. Mtoto akarukia kubwa.

"Koma hapo! Kila mke na viatu vyake."

Mtoto alinuna kidogo, akavaa ndogo, akazijaribu: pwata, pwata. Zinalia. Baada ya kuoga alikaa sakafuni akimtazama bibi anavyokausha vidole, kimoja kimoja, bila haraka. Akanyoosha mguu wake.

"Na mimi, mke mwenzangu."

Mama Povu akaweka kitambaa chake pembeni, akachukua cha pili, akaanzia kidole kidogo.