Dawa, Damu na Mlango wa Shangazi

Miaka ile ya vijiji vya Ujamaa nilikuwa mtu wa takwimu kwenye kituo cha utafiti kule Amani, na sijapata kuipenda kazi kama nilivyoipenda ile! Tulitaka kujua kama dawa ya malaria hukaa sawasawa katika damu ya watu wote. Kundi la kwanza lilikuwa wakulima wa Zirai, Washambaa wenzangu. La pili, wachuma chai waliotoka mikoa ya mbali. Wote walitakiwa kuja asubuhi bila kula, wameze vidonge, kisha tuwatoe damu mara kwa mara hadi jioni.

Nilipochora wastani wa kila kundi, mistari ikaachana waziwazi. Wakulima walikuwa na dawa nyingi zaidi damuni.

"Basi wenyeji wa mlimani wapunguziwe vidonge," daktari mkuu wetu akasema.

Dada yangu alikuwa Zirai na mtoto mchanga asiyeisha homa. Daktari akikosea, mtoto yule atapewa dawa pungufu.

Mimi ni mbishi tangu kuzaliwa. Nikawaza njia waliyopita wakulima, nikakumbuka inapita mlangoni kwa shangazi yangu. Nikaenda mbio.

"Shikamoo, shangazi. Wale watu wa Zirai, uliwapa chakula?"

"Marahaba. Sasa mwanangu, wapite kwangu na baridi ile nisiwape ugali wa bada? Nina roho gani mie?"

"Lakini waliambiwa wasile!"

"Waliniambia. Nikawaambia, kaeni mle."

Nilicheka hadi machozi. Dawa ile huingia damuni vizuri zaidi ukiwa umekula! Wachuma chai walitoka kambini moja kwa moja, hawana shangazi njiani. Tulikuwa tumepima kiamsha kinywa, tukakiita kabila.

Nilipomweleza, daktari akataka turudie, safari hii wote wafunge kweli. Nikamwambia kwamba mlangoni kwa shangazi hilo halitawezekana, afadhali wote wale. Akakubali, na shangazi akawapikia wote nyumbani kwake, sahani sawa kwa sawa. Nilichora tena: mistari ikalaliana. Vidonge vya Zirai havikupunguzwa.

Nikakimbilia ua wa kituo kuwapa habari watu wa makundi yote mawili. Mchuma chai mmoja, mtu mzima, akanisikiliza kwa adabu, kisha akaniuliza kama tungewapima tena. Tangu afike milimani, alisema, kwa shangazi ndiyo nyumba ya kwanza alikoambiwa akae ale.