Shuka za Gesti Juu ya Minyanya

Mama Povu ni dobi, na dobi kazi yake ni kuliombea jua litoke. Msimu huo aliliombea lirudi lilikotoka. Juu ya paa la nyumba yao, katikati ya kamba za kuanikia, alikuwa na ndoo kadhaa za minyanya, na joto lilikuwa likipukutisha maua kabla hayajashika tunda. Msimu uliotangulia yalidondoka yote, hata nyanya moja ya kusingizia hakupata. Wifi yake, wanayekaa naye nyumba moja, akambandika jina la Bibi Maua na kumuuliza mbele ya wapangaji kama anauza mashada.

Safari hii Mama Povu alikula yamini. Kwanza aliifunika minyanya kwa nailoni. Ikachemka humo ndani kama viazi, nusura aimalize mwenyewe. Ndipo akili ikamjia akikamua shuka za gesti: kivuli si hiki hapa, tena kibichi? Akazisuuza maji matatu, dawa ya kung'arishia isije ikaunguza majani, akazitandaza kambani juu ya ndoo zikichuruzika. Zikikauka, anazilowesha tena. Huko gesti wakaanza kuuliza kama shuka zao zimehama mji.

Mchana mmoja, jua la utosi, mhudumu wa gesti akapanda mwenyewe. Wageni wamelalia godoro tupu, alisema. Wifi naye akafuata nyuma, sinema isimpite. Mama Povu akaanua huku roho inamuuma. Shuka ya mwisho ikakwaruza tawi, na pale penye ua lililonyauka akaona kitu cha kijani, kama punje ya choroko.

"Wifi, njoo uone."

Wifi akainama. Akaigusa ile nyanya changa kwa ncha ya kidole. Kisha akasema, "Sasa unaiacha uchi juani, una wazimu?"

Akashuka ngazi mbio. Chini, kaka yake, mume wa Mama Povu, ambaye ni mlinzi wa usiku, alikuwa amelala amejifunika shuka gubigubi. Wifi alirudi akiiburuta shuka hiyo, na nyuma yake mume na bukta yake, shavuni alama ya mto, akiuliza nyumba inaungua au kuna nini.

"Kaka, shika pembe hiyo, usilegeze," wifi akaamuru. "Mwenzio nimeshakuwa shangazi."

Akashika. Mama Povu alikuwa keshakwenda kuchota maji.