Somo Nililomficha Mapendo

Mwanangu, kuna Jumamosi moja ya kiangazi ambayo siwezi kuisahau hata nikitaka. Ilikuwa hapa Baraka, kando ya ziwa, miaka ya hamsini, Wabelgiji wakiwa bado wanatutawala. Asubuhi ile mama alimsuka mdogo wangu Mapendo, akampaka mafuta, kisha akanikabidhi mkono wake kama mtu anayekabidhi mzigo asiotaka kuutazama.

"Muende," akasema. "Mukae mbele, musikilize."

Mapendo alikuwa na miaka kumi na miwili. Mimi nilikuwa na kumi na sita, na nilijiona mtu mzima.

Tulikuwa tunatumwa kwenye mafunzo. Kanisani ilikuwa imetangazwa kwamba mkunga wa zahanati, Mama Eliza, atawafundisha wasichana wanaokaribia kuvunja ungo, na kwamba kila mtoto aje na mzazi wake, wakae mkeka mmoja. Wavulana nao wangekuwa na siku yao pamoja na baba zao. Wanaume walicheka tu, wakasema mtoto wa kiume hufundishwa porini anapokwenda kutahiriwa. Wanawake hawakucheka. Waliinamisha macho. Kwetu, mama hakuzungumza na binti yake habari za mwili. Hiyo ilikuwa kazi ya shangazi, na ndiye aliyenifundisha mimi. Lakini shangazi yetu alikuwa amehamia Kilembwe, bara kabisa, mwendo wa siku nyingi kwa miguu. Basi mama akaona njia: kwenye mkeka, mahali pa mzazi, nikae mimi.

Usimlaumu upesi, mwanangu. Aibu ile hakuizua yeye. Aliikuta, kama sisi tulivyoikuta.

Karibu na zahanati tuliwakuta wasichana wa rika langu wakichota maji. Mmoja wao, ambaye ulimi wake haukujua Jumapili ya kupumzika, akaniita kwa sauti: "Mama Mapendo! Ulizala lini huyu mutoto mukubwa hivi?"

Wenzake walicheka mpaka wakatua mitungi chini. "Muache aende," akasema mwingine. "Bakamufundishe kunyonyesha."

Uso uliniwaka. Nikamvuta Mapendo, nikageuza njia kuelekea ziwani.

"Yaya, zahanati iko huku," akasema. Yaya ni dada mkubwa, ndivyo alivyoniita siku zote.

"Najua."

"Na mama akiuliza?"

"Mi nitakufundisha mwenyewe. Yote najua."

Tukakaa ufukweni, mahali ambapo wanawake walikuwa wakianika ndagala, wale samaki wadogo wa ziwa letu. Mtumbwi mkubwa kutoka Kazimia ulikuwa unashusha watu, nami nilikuwa natazama vitenge vya wageni. Mapendo alinivumilia kidogo, kisha akasema, "Basi nifundishe."

Mwanangu, shangazi alinifundisha siku saba. Alinieleza hili, akarudia lile, akanijibu hata maswali ya kipumbavu. Mimi nilimpa mdogo wangu maneno ambayo yangetosha kwenye kiganja. Nilimwambia, "Siku moja utaona damu. Ukiona, usisogelee nyavu za baba, utafukuza samaki. Ni hivyo tu."

"Damu ya wapi?"

"Utaona. Acha kuuliza sana."

Hakuuliza tena. Mtoto ukimfunga mdomo mara moja, usidhani utakuja kuufungua unapotaka.

Nyumbani mama aliuliza akiwa amegeukia chungu. "Balimufundisha?"

"Balimufundisha, mama."

"Muzuri." Akaendelea kukoroga. Niliona mabega yake yakishuka, kama ya mtu aliyetuliwa mzigo. Uongo wangu ulimpumzisha, na mimi nikafurahi kwamba umepita bila swali.

Kiangazi kikaisha, mvua zikaanza. Mwezi ule baba alirudi siku nyingi na nyavu tupu. Hakuna aliyeshangaa, maana ziwa lina siku zake, na mwezi ukiwa mkubwa ndagala hawafuati taa za wavuvi. Tulikula muhogo na majani yake. Wakubwa walinung'unika kidogo, wakangoja. Lakini ndani ya nyumba ile alikuwamo mtoto mmoja ambaye hakuweza kungoja, kwa sababu alidhani anajua aliyewafukuza samaki.

Mapendo alikuwa ameona damu. Aliiona siku ambayo alikuwa amekaa na baba, akimsaidia kushona wavu uliochanika. Alijificha, akafua nguo yake mtoni peke yake, akanyamaza. Tulimwona amekonda, tukasema ni njaa. Tulimwona hasogei karibu na baba, tukasema anakua. Kila alama tuliipatia jina jepesi. Wahenga walisema mficha uchi hazai, lakini yule hakuwa na wa kumfunulia. Mama hakuzungumza mambo hayo. Mimi nilikuwa nimemwambia aache kuuliza. Akabaki na mtu mmoja duniani: shangazi, Kilembwe.

Akaondoka asubuhi moja tulipokuwa shambani. Hakuchukua chakula. Tulipomkosa mchana tulidhani yuko kwa majirani, na jua lilipoinama baba alikuwa ameshaanza kuita jina lake kando ya maji, akitazama ziwa kwa namna ambayo sikupenda. Hakuna aliyetazama njia ya milimani. Siku mbili mvua ilinyesha. Siku ya tatu mwanamke mmoja mkulima wa upande wa Fizi alimkuta ndani ya kibanda cha shamba lake, amelowa, anatetemeka, hajui anasema nini. Wanaume wakamleta kwa machela mpaka zahanati.

Mama Eliza alimsikiliza kifua, akatutazama mmoja mmoja. "Mapafu yamejaa," akasema. Kisha akamwinamia. "Mutoto wangu, ulikuwa unaenda wapi?"

"Kwa shangazi."

"Kufanya nini?"

Mapendo akamtazama baba. "Kumuuliza kama nitaendelea kufukuza samaki."

Mama Eliza hakucheka wala hakukasirika. Alivuta kigoda, akakaa karibu na kitanda, akaanza somo. Alimweleza kwamba ndani ya kila msichana kuna nyumba ya mtoto. Kwamba nyumba hiyo hujiandaa kila mwezi, na asipokuja mgeni, matandiko yake hutoka nje, na ndiyo ile damu. Si kidonda, wala uchafu, wala adhabu. Akamwambia damu inaweza kuchelewa au kuwahi miaka ya mwanzo, tumbo linaweza kuuma, na kitambaa cha kuzuia damu kifuliwe na kukaushwa juani bila woga. Akamwambia kifua kitakua, nywele zitaota, na moyo utakasirika siku nyingine bila sababu. "Na banaume pia," akasema. "Sauti inakatika kama ya jogoo mudogo, banaota ndoto, banaogopa kama we."

Mapendo akatabasamu kwa ajili ya jogoo.

Mama alikuwa amekaa sakafuni, ameshika mguu wa mtoto wake, anasikiliza. Baba alisimama mlangoni na hakuondoka, ingawa mila ilimtaka aondoke. Somo lile lile tuliloitiwa kiangazi lilifanyika hatimaye, na jamaa yote ilihudhuria.

"Na samaki?" akauliza Mapendo.

Baba ndiye aliyejibu, kutoka mlangoni. "Nyavu zangu ni kamba tu, mama yangu. Samaki haijui nani amekaa karibu na kamba." Aliwaita hivyo binti zake wote, mama yangu, kwa sababu tulibeba majina ya ukoo wa mama yake.

Jioni mama alipotoka kuchota maji, Mapendo alinigeukia. "Yaya, we ulijua haya yote?"

"Nilijua."

"Sasa juu ya nini haukusema?"

Nilitafuta sababu ya kumpa. Nilikuwa na kicheko cha wasichana wale na vitenge vya Kazimia, basi. Hakuna hata kimoja ambacho ningeweza kukitamka mbele ya mtoto anayehema vile. Aliningoja kidogo, kisha akafumba macho, akageukia ukuta.

Siku ya tano akafariki.

Baada ya maziko nilimwambia mama ukweli. Nilitaka anipige. Hakunipiga. Alisema, "We ulidanganya mara moja. Mi nilikutuma mahali pangu. Mukeka ule ulikuwa wangu." Mafunzo yalipotangazwa mwaka uliofuata, alikwenda akiwa hana mtoto wa umri ule, akakaa mbele, na kila mzazi mwingine alipoinamisha macho kwa haya, alimshika mkono.

Basi, mwanangu, wewe uliye na miaka kumi na moja, kumi na miwili, nawe mzazi unayemsomea, nisikilizeni. Mwili wako unapobadilika, hakuna laana iliyokupata. Uliza. Kuuliza si ujinga, na mtu mzima akikwambia uache kuuliza, tafuta mwingine siku hiyo hiyo, usimtafute nyuma ya mlima. Ukiwa dada au kaka, usimpe mdogo wako nusu ya habari. Nusu hiyo hujazwa na woga, na woga una miguu mirefu. Na wewe mzazi ukiitwa kwenye mafunzo pamoja na mtoto wako, nenda wewe. Asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu, na ulimwengu haufundishi kwa upole. Aibu ya saa moja itapita. Mimi nimezeeka, na swali la Mapendo bado sijalijibu.

Mungu akupe, mwanangu, ulimi wa kuuliza na mtu wa kukujibu. Akupe mama asiyeona haya na baba asiyeondoka mlangoni. Ukue ukiufahamu mwili wako, na siku mdogo wako atakaposema "nifundishe", Mungu akupe muda wa kukaa chini na kumweleza yote.