Korongo Asiye na Taji

Simu ilinikuta dukani kwangu Nakivubo, hapa Kampala, nikipanga madaftari rafuni. Mke wa rafiki yangu alisema tu, "Mwandishi, Afande ametuacha leo asubuhi," nami nikajibu pole, nikaahidi kufika, kisha nikaendelea kupanga madaftari mpaka rafu ikajaa. Wasomaji wangu wa siku nyingi wanajua kwamba mimi si mgumu wa machozi. Nimewahi kumlilia paka hapa hapa kwenye safu hii. Safari hii sikusikia kitu. Zimepita wiki mbili tangu gari lililombeba liondoke kwenda kwao kaskazini, na bado niko vilevile: nakula nashiba, nalala usingizi. Naandika kwa kuwa ndiyo kazi ninayoijua, na kwa kuwa kuna jambo baina yangu na yeye ambalo sikuwahi kulisema.

Alikuwa polisi mstaafu. Baada ya kuvua magwanda alipata kazi ya kupokea malipo mlangoni mwa choo cha kulipia, hatua chache kutoka dukani kwangu, na kila sarafu iliyotoka mfukoni mwa mtu aliyebanwa ilipita vidoleni mwake. Alikuwa akitafuta zenye makosa, zile ambazo mtambo uliteleza wakati wa kuzipiga. Aliishika sarafu kwa ukingo, akaigeuza, akaangalia kama picha ya upande wa pili imelala ubavu, akaangalia samaki wa sarafu ya mia mbili, akaangalia pembe za ng'ombe wa sarafu ya mia. Huku nyuma mtu anarukaruka: "Afande, fungua mlango, mimi nakufa!" Naye bila kuinua macho: "Ngoja. Hapana kufa. Naangalia samaki." Akiipata aliilipia kutoka mfukoni mwake, akaitia kwenye kisanduku cha kiberiti. Wapo waliomletea sarafu zilizopondwa na magari wakitaka awape bei, naye aliwarudishia palepale. "Hii ni ajali ya barabara," alikuwa akiwaambia. "Mimi nataka ile ilizaliwa hivyo."

Miaka michache iliyopita aliipata aliyokuwa akiingoja. Ilikuwa ya shilingi mia tano. Picha ilikuwa imesogea, na yule korongo wetu wa taifa akakosa taji lake la manyoya. Taji lilikuwa limeangukia nje ya ukingo, na upande mwingine pakabaki chuma kitupu chenye umbo la mwezi mchanga. Alinionyesha. "Mwandishi, hii ndege iko bila kofia. Hii ndiyo cherehani ya mama." Nilimwelewa. Walipotoka kambini baada ya yeye kustaafu, mkewe aliuza cherehani yake ili wapate kodi ya chumba Kamwokya, na tangu hapo alikuwa akishona kwa mkono. Afande alikuwa amemwahidi nyingine. Tukapatana tuipeleke Old Kampala, kwa mzee mmoja wa Kihindi anayenunua vitu vya kale. Sarafu ilikuwa imepiga weusi kwa jasho la mikono ya watu, na mimi, mjuzi wa kila kitu, nikamwambia aisafishe kwanza. Kizuri chajiuza, Afande, nilisema, na nikacheka. Hakuhitaji kuambiwa mara mbili. Mtu aliyesugua vifungo vya shaba kila alfajiri miaka yote ya utumishi wake ana mkono wa kazi hiyo, na dawa yake bado alikuwa nayo. Kesho yake aliifungua kitambaani, ikawaka.

Mwenye duka aliiweka chini ya kioo cha kukuzia, akaigeuza mara mbili, kisha akavua miwani. "Kosa ni ya kweli," alisema. "Lakini nani aliambia wewe osha?" Akatueleza polepole kwamba wakusanyaji hutaka ngozi ya sarafu, ile rangi inayojijenga yenyewe kwa miaka, ukiisugua unaacha mikwaruzo, na ngozi hairudi. "Jana ningekupa bei nzuri sana. Leo wateja wangu watanirudishia. Sasa hii ni ya kununua chapati." Akauliza tena ni nani. Mimi nilikuwa nimegeukia saa kuukuu ya ukutani, naikagua kama mtu mwenye nia ya kuinunua. Afande akajibu, "Ni mimi. Hakuna mtu aliniambia. Polisi haendi paredi na kifungo chafu." Tukateremka kilima. Sikumwomba radhi siku ile. Nilijiambia nitaomba kesho, nikitafuta maneno mazuri, na kesho ikazoea kuahirishwa.

Tumekuwa watu wa kung'arisha. Tunajipiga picha, halafu simu inatulainisha uso mpaka mama mzazi anauliza huyu ni nani. Tunaomba kazi kwa barua zisizo na doa. Na hakuna tunachokisugua kama maiti. Katika matanga pale Kamwokya nilisikia kwamba marehemu hakuwahi kugombana na mtu, kwamba alikuwa mpole, mwepesi wa kusamehe. Nilipopewa kipaza sauti nami nikapaka dawa yangu, tena kwa Kiswahili safi, watu wakaitikia kwa vichwa. Nilipokaa, mjane wake akaja kuketi karibu nami.

"Mwandishi," alisema, "huyo mtu umesema hapa, mimi simjui."

Akanisogelea zaidi.

"Ukiandika kwa gazeti, andika yeye vile alikuwa. Wewe ulishaosha moja, inatosha."

Nilimuuliza amejuaje. "Aliniambia siku ileile. Akasema nisikuulize, utaona haya."

Basi naandika. Alikuwa mgomvi. Alinuniana na ndugu yake miaka kwa sababu ya mbuzi mmoja. Alimkamata shemeji yake mwenyewe na kumpeleka kituoni, na hadi anakufa alisema sheria ni sheria. Na mtu huyo, ambaye sikuwahi kumsikia akidanganya hata kwa utani, alidanganya mara moja mbele yangu, na alinidanganyia mimi. Hilo ndilo kosa lake la kuzaliwa nalo, na sitalisugua.

Juzi nilipeleka cherehani Kamwokya. Mama alinishukuru, akaipangusa vumbi, akaifunika kwa kitambaa, kisha akaniambia kwamba macho yake hayaoni tena tundu la sindano. Hata hapo sikulia. Wewe unayenisoma, kama una radhi ya kuomba, nenda kaiombe leo na uchafu wake wote. Yangu niliingoja ing'ae, na sasa ninayo, inang'aa sana, wala hakuna wa kuipokea.