Mufereji wa Prezida

Papa yangu alinunua bilatu ya kuvaa ku miguu, ku Butembo, wakati nilikuwa darasa ya pili. Hiyo njo darasa yangu ya mwisho, musinicheke. Alibeba bile bilatu ku kichwa, miguu mitupu, mpaka nyumbani ku Kipese, ili bisiharibike. Alipita mbele ya kanisa ya Baprotestanti, akageuka, akapita tena, na sisi tulikuwa Bakatoliki! Batu bote baliona: yule bwana iko na bilatu. Miguu ilibakia na matope.

Jamaa yetu iko namna ile. Mukubwa wangu, kaka yangu wa kwanza, alirizi yote papa aliacha, mais hapana bilatu. Alirizi kupenda kuonekana.

Donc, wakati ya vita, basoda balikuwa banakula hata maharagi ya mbegu, na mvua nayo iliharibika kichwa: inachelewa, kisha inaanguka yote siku moya. Udongo ya kilima ilikuwa inashuka mutoni. Ya shemeji yangu tu, bibi ya mukubwa, ilibakia. Ku chama ya bamama balimufundisha kuchimba mifereji ya kukingama kilima, kupanda matete pembeni na kutia mbolea ya mbuzi.

Mukubwa yeye alikuwa prezida wa komite ya usawa wa banaume na banamuke. Bageni ba musaada baliuliza nani anasaidia bamama, yeye akanyoosha mukono wa kwanza. Alihubiri usawa akikaa ku kiti, kiti moya tu ya nyumba, na shemeji amesimama na maji ya kunawisha bageni.

Sasa, kwetu mwanamuke analima, mais mwanaume akipanda miti, shamba inakuwa yake. Maharagi inakwisha, muti unasimama. Njo mukubwa alileta mikaratusi ya kupanda mu shamba ya bibi yake. Mimi nilimubebea. Aliniahidi kasiksi, na mutu akiniahidi pombe ya ndizi, siulizagi mingi.

Shemeji alikimbia kwa muzee wa kilima. "Muzee, hii shamba njo inalisha batoto. Akipanda miti, tumekwisha."

"Prezida, unasema nini?" muzee akauliza mukubwa, mwenye alimufuata bibi yake nyuma.

"Ile mifereji ni mimi nilimufundisha, muzee. Shamba ni ya mwenye akili."

Muzee akakohoa. "Haya. Kila mutu achimbe mufereji moya mupya. Mwenye udongo yake itabakia, shamba ni yake. Mvua njo itahukumu."

Shemeji alipima na fimbo zake tatu zenye kufungwa, jiwe ikining'inia ku kamba, ili mufereji ulale sawa, maji isishuke. Mukubwa alikataa fimbo: "Mimi niko na macho!" Alichimba na chepe, jembe ni ya banamuke, kutoka juu mpaka chini, moya kwa moya, sawa barabara ya Babeleji. Mikaratusi alipanga pembeni.

"Eh, Prezida," mama jirani akaita, "unatengenezea maji njia ya kukimbilia?"

"Nyamaza, mama. Maji inatii mwanaume."

Siku ya tatu mvua ikaanguka. Mufereji wa shemeji ulijaa, ukatulia. Ule wa mukubwa ulikimbia na udongo, na mikaratusi, ukavunja lupango ya kuzunguka nyumba, ukaingia mu mutumbwi wa kutengenezea kasiksi yake. Yangu pia, tuseme kweli. Bamama balicheka mpaka kushikana mabega.

Shemeji hakucheka. Alimunyooshea jembe. "Papa batoto, kuja tufunge hii mufereji kwanza. Udongo inaenda."

"Prezida ashike jembe mbele ya bamama?"

Muzee akasema, "Shamba ni ya mama. Mutu asipande tena muti humu."

Mukubwa alipangusa chapeau yake, akaivaa ku kichwa. Akasema anaenda ku bureau Butembo, kufanya rapport juu ya usawa. Shemeji akanipa mimi ile jembe. Kushika jembe ya maharagi, mimi, kwa mara ya kwanza! Nilipoinua kichwa, mukubwa alikuwa amevuka kilima. Batu banasema balimuona kule Bungulu, bengine banasema kule Kamango. Kwetu hakurudi.