Makala Niliyoikataa

Leo nimesomeshwa maneno yangu mwenyewe kwa sauti, na sijui uso niuweke wapi.

Mie ni mhariri kwenye jarida la sheria linaloendeshwa na wanafunzi chuoni kwetu. Makala zinatufikia bila majina.

Wiki iliyopita niliikataa moja, inahusu haki za vibarua wa machinjioni. Nikaandika: "Mwandishi hajawahi kukanyaga machinjio ya Vingunguti. Anabuni tu."

Nilijiona mkali kweli, jamani.

Leo hosteli, hapa Mabibo, Zuhura ninayeishi naye chumba kimoja akanipa simu yake.

"Nisomee haya majibu ya jarida lenu, shoga. Mie nimeshindwa kumaliza. Sikukwambia nimetuma makala, wasije wakasema nabebwa."

Zuhura kazaliwa Vingunguti. Baba yake kamsomesha kwa kibarua cha machinjioni.

Nikasoma. Nilipofika kwenye "anabuni tu", nikaishusha simu.

"Ni mie niliyeandika," nikamwambia. "Nisamehe. Ningejua ni wewe, nisingeandika hivyo."

Akachukua simu yake taratibu.

"Kwa hiyo angekuwa mtu mwingine, ingekuwa sawa?"

Katoka kwenda kufua. Mie bado nimekaa kitandani.

Nyie mngemjibu nini?