Nyumba Niliyoipima Mwenyewe Akiwa Hayupo

Aliyehusika na fedheha iliyotokea kijijini Arash ni mimi. Si mama mwenye nyumba, si mume wake, si dereva, na wala si hizo "changamoto za kijamii" zilizoandikwa katika taarifa ya kikundi chetu. Naliweka hili mwanzoni kwa sababu nimetumikia ofisi za umma kwa miaka mingi, na nafahamu jinsi jina la mkosaji linavyoweza kufifishwa aya kwa aya mpaka likatoweka kabisa kwenye karatasi (kazi hiyo nimewahi kuifanyia wengine, tena kwa ustadi ambao leo unanitia haya).

Mimi ni mtumishi mstaafu wa idara ya ardhi, nami naishi hapa Karatu, katika nyumba ya vyumba vinne ambayo, tangu mke wangu afariki, sijui nikae wapi ndani yake. Kila kiti kiko pale alipokiweka yeye. Nikikikalia najiona mgeni, nikikisogeza najiona mwizi. Nikawaza kwamba mtu akisomea namna vyumba vinavyopangwa, huenda akajua pia namna ya kuishi humo, basi nikaomba nafasi ya shahada ya uzamili ya usanifu wa ndani, nikakubaliwa, na wanangu walioko Dar es Salaam na Mwanza wakacheka kwenye simu, wakasema hongera baba, kisha simu zikarudia uchache wake wa kawaida.

Darasani tulikuwa saba, na wenzangu sita wote ni wadogo kuliko kitinda mimba wangu. Waliniheshimu mno, na hapo ndipo palipokuwa na tabu: waliniamkia shikamoo, wakanipisha mlangoni, halafu wakaenda kukaa meza nyingine. Walikuwa na kundi lao la WhatsApp ambalo mimi sikuwamo (nililitambua kwa sababu simu zao zilikuwa zikilia kwa pamoja, wote wakacheka, yangu ikabaki kimya mezani kama kasha la miwani).

Ndipo ikaja kazi ya kupima na kuchora nyumba inayokaliwa na watu, kueleza kila kitu kilivyopangwa ndani yake na sababu zake. Wenzangu walitaka nyumba ya Kimaasai, lakini isiwe ya yale maboma ya kuonyesha watalii, na hawakuwa na mwenyeji. Mimi nimewahi kufanya kazi Loliondo, Umasaini. Nikasema, "Niachieni mimi."

Doreen, binti wa Kibosho aliyekuwa kiongozi wa kikundi, akavuta kiti mpaka kwenye meza yangu, kwa mara ya kwanza. "Mzee, kweli utaweza?"

"Nitaandika barua," nikamjibu.

Kesho yake nikaingizwa kwenye kundi. Wakanikaribisha kwa vikatuni vya kucheka na kupiga makofi, nami nikajibu, "Asante, nimepokea," kana kwamba nimeletewa faili.

Barua niliziandika kwa mtendaji wa kijiji, kwa mwenyekiti, na kwa Mzee Lemayian, mwenye boma, ambaye alitia saini kwenye fomu ya idhini mahali palipoandikwa "mkuu wa kaya". Mihuri yote, ya mtendaji, ya mwenyekiti na ya chuo, ilikuwepo. Sasa naomba ieleweke kwamba nilikuwa najua. Yeyote aliyeishi Loliondo anajua kwamba ng'ombe ni wa mwanamume lakini nyumba ni ya mwanamke aliyeijenga: yeye ndiye aliyekata fito, yeye ndiye aliyekandika kuta kwa mavi ya ng'ombe, na mume mwenye wake watatu hana nyumba hata moja ya kuiita yake, hulala kwa zamu kwa wenye nyumba. Nilijua hivyo. Lakini fomu iliuliza mkuu wa kaya, na mimi nimezitii fomu maisha yangu yote.

Tulifika Arash baada ya kulala njiani. Nyumba tuliyopewa ilikuwa ya Mama Nashipai, mke wa pili, naye alikuwa ameenda kuteka maji.

"Ngojeni kidogo," Mzee Lemayian akasema. "Mama anakuja."

Dereva akatazama saa yake. Doreen akatazama jua. Kisha wote sita wakanitazama mimi, na katika macho yale nilijiona mtu anayetegemewa, jambo ambalo halikuwa limenipata tangu nikabidhi ofisi, na uamuzi mdogo ulioharibu kila kitu nikautoa kwa maneno matatu: "Saini ninayo. Twendeni."

"Mzee umeupiga mwingi!" Baraka, mmoja wa wale sita, akasema, akanigonga kiganja. Sitaficha kwamba nilifurahi.

Ndani mlikuwa na giza na harufu ya moshi, paa likitulazimisha kuinama. Kulikuwa na kitanda cha ngozi, mafiga, kizizi kidogo cha ndama, na vibuyu vya maziwa vimetundikwa kwenye ukuta uleule tuliotaka kuupima. Maziwa ndani ya nyumba ni mamlaka ya mke. Hata mume hasogelei vibuyu vyake bila kuambiwa. Mimi nikavitungua kimoja kimoja, nikampa Baraka, naye akavipanga nje juani, mbele ya wazee waliokaa wakitutazama.

Nikashika mwisho mmoja wa futikamba, tukapima. Ikabaki picha. Mwanga ulikuwa unaingia kwa tundu moja lenye ukubwa wa kiganja, na kamera ya Doreen haikuona kitu. Nikachukua stendi ya kamera nikalipanua tundu lile kidogo (nasisitiza kwamba nia yangu ilikuwa kidogo), na bonge la ukuta lenye ukubwa wa sinia likaporomoka juu ya mafiga, majivu yakatimka, wenzangu wakakimbilia nje wakikohoa, ndama akawafuata, akaangusha kibuyu, na maziwa yakamwagika vumbini. Mimi nilitoka mwisho. Nilitoka kinyumenyume, nimeinama, nikikokota futikamba, na makalio yangu yakamgonga punda mwenye madumu ya maji. Aliyemshika punda huyo alikuwa Mama Nashipai.

Nikajikung'uta. "Takwenya," nikamsalimu, kama wanawake wa huko wanavyosalimiwa. Mwanamke akisalimiwa hivyo huitika "Iko". Hakuitika.

Alitazama maziwa. Akaingia ndani, akatoka. "Wewe mzee, nyumba hii nani amejenga?"

Nikafungua begi nikamwonyesha barua yenye mihuri mitatu.

"Nimejenga mimi," akasema. "Huyu analala tu."

Wake wenzake walikwishakusanyika, wakaangua kicheko. Nikamgeukia Mzee Lemayian anitetee. Akasugua fimbo yake taratibu. "Mimi nilisaini karatasi," akasema. "Sikusaini nyumba."

Mama Nashipai akaagiza mavi mabichi ya ng'ombe yaletwe katika beseni. "Ziba," akaniambia. Nikavua koti, nikaziba, mbele ya boma zima na ya wenzangu sita. Kiraka cha kwanza kikaanguka. Cha pili kikaanguka.

"Tumia kiganja! Unapapasa kama umepoteza miwani!"

"Muoneni, huyu nyumbani kwake analala nje!"

Wake wenza walicheka mpaka wakashikana mabega. Nami nitaandika jambo ambalo haliwezi kuingia katika taarifa yoyote: wakati ule wa aibu, kitambo kifupi, sikuwa mpweke. Ulikuwa umepita muda mrefu bila mtu kusimama karibu yangu na kunikaripia juu ya ukuta.

Mwishowe alinisukuma pembeni akaziba mwenyewe, kwa mapigo matano. Kisha, bila kunigeukia, akasema, "Ungeningoja, ningekuambia yote. Kitanda kwa nini kiko hapa. Moto kwa nini uko pale. Wewe ulikuwa unataka nini? Ukuta?"

Akatukatalia kuchora. Alikuwa na haki. Tukarudi Karatu bila mchoro, na ndani ya gari hakuna aliyenilaumu. Waliniuliza kama upepo wa dirishani unanisumbua. Ilikuwa heshima ileile ya zamani, nami niliitambua mara moja.

Wiki iliyofuata mwalimu msimamizi wetu alituletea taarifa tuitie saini ili tuongezewe muda. Iliandikwa hivi: "Kutokana na changamoto za kijamii, mwenyeji hakuelewa madhumuni ya utafiti, akazuia kazi." Sita wakasaini. Doreen akanijia kwa upole. "Mzee, acha tu ipite. Ukikataa, sote tunarudia somo. Na yule mama hawezi kuisoma hii karatasi hata siku moja."

"Ndiyo sababu," nikamwambia.

Sikusaini. Kundi la WhatsApp limenyamaza tangu siku hiyo. Huenda wamefungua jingine, sijauliza. Jioni nakaa jikoni, kwenye kigoda, kwa sababu huko sikukaa zamani na hakuna nafasi ya mtu ninayoichukua. Nimejiapiza kwamba sitaingia tena nyumba ya mtu kwa saini ya mtu mwingine, hata nikiulizwa na fomu ya namna gani.

Kwa hiyo naitaka idara ya usanifu hapo chuoni, kwa barua hii, iiondoe sentensi inayomtaja Mama Nashipai na mahali pake iandike jina langu kamili na matendo yangu kwa mpangilio yalivyotokea. Iniite kujieleza mimi peke yangu, na wenzangu sita wasirudie chochote. Na fomu ya idhini iulize ni nani aliyejenga, au ni nani anayetunza nyumba, kabla ya kumuuliza mkuu wa kaya. Nataka pia taarifa iliyosahihishwa ipelekwe Arash, isomwe kwa Kimaasai mlangoni kwa Mama Nashipai, na anayepelekwa kuisoma ahakikishe kwanza kama mwenyewe yupo. Kama hayupo, asubiriwe.